Pango Halikimbii

Kila kulipokucha, kazi ya kwanza ya Herminia ilikuwa kukanda unga wa mahindi wa kutengenezea tortilla, mikate yao myembamba. Kazi ya pili ilikuwa kumgombeza mumewe. Fidencio alikuwa mtu mpole, kwa hiyo ugomvi wenyewe haukuwa na utamu. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na meko, akanywa kahawa, akaitikia kila neno.

"Binti yako jana kashinda tena mlimani," Herminia alisema.

"Leo amekuwa wangu peke yangu?"

"Anachimba vishimo vya kupandia mikonge. Kutwa nzima juani, bila hata senti. Na kwa faida ya nani? Ya popo!"

"Ya popo, eeh."

"Na wewe umekaa tu."

"Nikisimama nitamwaga kahawa."

Herminia akalipiga donge la unga kwa kiganja. Hakuwa mkali kwa asili yake. Alikuwa mwoga, na hofu yake ilizoea kujifanya ukali.

Kijiji chao, Noria de Gavilanes, kiko kwenye nyika kavu ya kaskazini mwa Meksiko. Watu wanafuga mbuzi, na ng'ombe wachache. Juu ya kijiji kuna mlima wa mawe ulioota mikonge mikubwa ya porini. Mlimani kuna pango, na kila majira ya joto popo huja kukaa humo. Watu walikuwa wamewazoea. Lakini mwaka huo ng'ombe walianza kufa.

Ng'ombe wa Herminia aliitwa Paloma. Alianza kwa kuburura miguu ya nyuma. Kisha akashindwa kumeza maji. Ute ukamtoka mdomoni, akaanguka, akawa anapiga miguu chini mpaka akafa. Herminia alikuwa pale tangu mwanzo hadi mwisho. Tangu siku hiyo, kila akifumba macho alimwona Paloma akilitazama karai la maji asiweze kunywa.

Majirani wawili nao walipoteza ng'ombe kwa ugonjwa huohuo. Watu wakasema ni popo wanyonya damu, na kwamba wanatoka pangoni.

Mkutano ukaitwa. Leobardo, baba wa ubatizo wa binti yao Nohemí, ndiye aliyesimama kwanza. Kwa ubatizo huo yeye na wazazi wa mtoto waliitana comadre na compadre. Alikuwa mtu wa kifua mbele, na ndiye pekee kijijini aliyekuwa na gari la kubebea mizigo.

"Dawa yao ni moja," alisema. "Tunaingiza matairi pangoni, tunamwaga dizeli, tunawasha. Moshi utawamaliza."

"Hata kesho!" Herminia alipaza sauti kabla ya wote.

Nohemí, binti yake wa pekee, alisimama. Alikuwa msichana mkubwa, amemaliza shule, naye hakujua kunyamaza.

"Wale wa pangoni hawanyonyi damu," alisema. "Wanakunywa maua ya mkonge. Na wamebaki wachache. Ndiyo maana tunapanda."

"Wanakunywa maua!" Leobardo alicheka. "Na mimi nakula mawe."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, ukakubali pango lichomwe matairi yakishakusanywa. Herminia aliona aibu, na waliporudi nyumbani alimgeukia binti yake.

"Nisikilize vizuri. Siku popo akikugusa, dizeli nitabeba mimi mwenyewe. Na wewe hutatia mguu mlimani tena. Naapa kwa Bikira Maria."



Kulikuwa na jambo jingine lililomtia Herminia hofu, na hakulisema mkutanoni. Alipenda vile vindege vidogo vinavyonyonya maua. Alivitundikia chupa ya maji ya sukari ukutani, nje ya jiko. Siku za karibuni, chupa aliyoijaza jioni ilikuwa tupu kila asubuhi. Na chini yake ukuta ulikuwa umetapakaa madoa ya manjano.

"Labda ni ndege walevi," Fidencio alisema.

"Hili ni jambo la kishetani."

Akapaka ukuta chokaa. Madoa yakarudi. Akanyunyiza maji ya baraka. Madoa yakarudi vilevile.

Asubuhi moja Herminia alimwita binti yake jikoni.

"Njoo unisaidie tortilla."

"Nimechoka, Mama."

"Umechoka na ndiyo kwanza umeamka? Njoo hapa."

Nohemí akaja. Akachukua kidonge cha unga kwa mkono wa kushoto, akakibinyabinya. Mkono wa kulia ulibaki nyuma ya gauni.

"Tangu lini tortilla inapigwa kwa mkono mmoja?" Herminia aliuliza. "Lete huo mwingine."

Kidole kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Mwiba wa mkonge," Nohemí alisema haraka.

Herminia alikuwa akichomwa na miba ya mkonge tangu utoto wake. Mwiba unatoboa tundu moja. Akakifungua kile kitambaa. Akaona vitundu viwili vidogo, vimekaa jirani, na wekundu kidogo pembeni.

"Kitu gani kimekuuma?"

Nohemí akaurudisha mkono nyuma ya gauni.

"Nohemí! Nimekuuliza, kitu gani?"

"Popo." Machozi yakamtoka. "Juzi alfajiri. Alianguka kwenye beseni la maji, pale chini ya chupa ya sukari. Alikuwa anazama. Nikamtoa kwa mkono."

"Juzi! Na hukusema?"

"Ningesemaje, Mama? Uliapa. Mngelichoma pango siku ileile."

Herminia alitaka kumpiga, akataka kumkumbatia, na hakuweza lolote.  Mbele ya macho yake alimwona Paloma amelala chini, lakini uso ulikuwa wa Nohemí. Kisha akatoka mbio, unga mikononi, akipiga kelele kuvuka njia.

"Doña Obdulia! Doña Obdulia, nakufa!"

Doña Obdulia alikuwa jirani yao. Alisimamia zahanati ndogo ya kijiji, na Jumapili aliongoza wale wanaojitolea kupanda mikonge. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Alitoka akifuta mikono.

"Wanaokufa hawapigi kelele hivyo. Kuna nini?"

Aliposikia, utani ukamwisha. Akaingia jikoni, akakishika kile kidole, akakitazama.

"Ulikiosha?"

"Kwa maji kidogo tu," Nohemí alisema.

"Tutakiosha sasa. Sabuni, na maji yanayotiririka. Robo saa nzima, bila kukatisha."

Fidencio akashika mtungi, akawa anamimina polepole. Herminia akaja na kitunguu saumu kilichopondwa na chupa ya pombe.

"Weka hivyo vitu chini," Obdulia alisema. "Kidonda cha kuumwa hakipakwi saumu wala majani. Hiyo pombe mpe mumeo, anatetemeka mpaka anamwaga maji."

"Atakufa?" Herminia aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo sana.

Obdulia hakuacha kuosha.

"Nitakwambia ukweli, mama Nohemí. Ule ugonjwa wa kuburura miguu uliomuua Paloma ndio kichaa cha mbwa. Popo anaweza kuwa nao. Mbwa, mbweha, kicheche, wote. Mtu akishaanza kuugua, haponi. Lakini ugonjwa huchukua muda kabla ya kuanza. Katika muda huo kuna sindano, nazo zinazuia."

"Pengine popo mwenyewe alikuwa mzima."

"Pengine. Hatujui, na hatukai kungoja tujue. Tunakwenda hospitali mjini sasa hivi."

"Kwa gari gani?"

Wote wanne wakatazamana. Gari lilikuwa moja tu kijijini. Na asubuhi ile Leobardo alikuwa amelijaza matairi ya kuchomea pango.

Walimkuta chini ya mlima na wanaume wengine watatu. Matairi yalikuwa yamerundikwa garini mpaka juu, na madumu ya dizeli yalikuwa tayari chini. Herminia alimweleza huku akihema.

"Mnaona?" Leobardo alisema. "Nilisema mimi! Dakika moja tu, comadre. Tuwamalize hawa mashetani kwanza, kisha nitampeleka mtoto."

"Pango halikimbii, Leobardo," Obdulia alisema. "Ugonjwa ndio unaokimbia."

"Lakini tumeshapakia."

Herminia hakungoja mengine. Alipanda nyuma ya gari, yeye aliyepaza sauti mkutanoni kabla ya wote, akaanza kuyatupa matairi chini. Moja lilimkosa Leobardo kidogo tu. Lingine likabingirika mpaka kwenye miba.

"Comadre, umepata wazimu?"

Hapo Fidencio akasogea. Hakuinua sauti. Alinyoosha mkono.

"Funguo, compadre."

"Subiri kwanza, tuongee."

"Funguo."

Leobardo alimtazama kama mtu aliyeona kigoda kinasema. Akatoa funguo.

Safari ya mjini ni ndefu, na barabara ni ya vumbi. Fidencio aliendesha, Obdulia akakaa mbele, mama na binti wakakaa nyuma. Herminia alikuwa na chupa ya maji.

"Kunywa," alisema.

"Sina kiu, Mama."

"Kunywa nikuone."

Nohemí akanywa. Herminia akatazama koo lake linavyopanda na kushuka. Baada ya mwendo mdogo akamwambia anywe tena. Alifanya hivyo njia nzima, maana Paloma alishindwa kumeza, na yeye hakujua kitu kingine cha kutazama. 

"Mama, umenijaza kama kiriba," Nohemí alisema mwishowe.

"Nyamaza. Kunywa."

Hospitalini hawakucheleweshwa. Daktari alimchoma Nohemí dawa kuzunguka kidonda chenyewe, na sindano nyingine ya chanjo begani. Akampangia tarehe za kurudi kwa sindano zilizobaki.

"Usiikose hata moja," daktari alisema. "Hata ukijisikia mzima kabisa."

"Hataikosa," Herminia alijibu. "Nitamleta hata kwa kumbeba mgongoni."

Sindano zilianza, lakini hofu haikuondoka kwa sindano. Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Nohemí akisema kichwa kinamuuma, Herminia alikaa chini. Akijikwaa, Herminia alimtazama miguu. Asubuhi alimpa kikombe cha maji, akasimama mbele yake mpaka kiishe. Na jambo lililomchoma kuliko yote hakumwambia mtu kwa siku nyingi. Siku moja alikwenda kwa Obdulia akalitoa.

"Mwanangu alificha kidonda kwa sababu ya mdomo wangu," alisema. "Aliniogopa mimi kuliko alivyoogopa kufa."

Obdulia alimmiminia kahawa.

"Hujachelewa. Wengine wanajua hayo baada ya maziko."

Wakati huo mpango wa kuchoma pango ulikuwa umesimama. Obdulia alikuwa amepeleka habari kwa maafisa wa mifugo. Wakaja wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa glavu nene. Waliingia pangoni na Leobardo akawafuata, akidai anataka kuona kwa macho yake. Kisha wakashuka hadi kwenye mgodi wa zamani ulioachwa, karibu na zizi la ng'ombe. Leobardo aliporudi, kifua hakikuwa mbele tena.

"Sema basi, compadre," Fidencio alimwambia. "Umekula mawe?"

"Popo wa pangoni wamejaa vumbi la manjano," Leobardo alisema. "Usoni, kifuani. Wana ulimi mrefu wa ajabu. Na mavi yao ni ya manjano. Lakini kule mgodini mavi ni meusi kama lami, yananuka damu. Wanyonya damu walikuwa mgodini. Hapo hapo nyuma ya zizi langu."

"Na wewe ungechoma wapi?" Obdulia aliuliza.

"Pangoni," Leobardo alikiri.

"Ungewaua wanywa maua, na wanyonya damu wangebaki wakicheka. Na hata mgodi usiuchome. Ukiwasha moto, wanyonya damu wanatawanyika na kupeleka ugonjwa mbali zaidi. Kazi hiyo waachieni wenye dawa na vifaa vyake. Yetu ni kuchanja ng'ombe."

Ng'ombe wote wakachanjwa.

Obdulia alifika pia nyumbani kwa Herminia. Akasimama mbele ya ukuta wenye madoa, akayagusa kwa kijiti.

"Hiki ndicho kitu chako cha kishetani? Hii ni chavua ya maua. Hata mavi yao yana maua ndani."

"Kwa nini wanakuja kwangu? Maua si yako mlimani?"

"Yako wapi? Niambie, mwaka huu umeona bua hata moja limechanua?"

Herminia akafikiri. Kila mwaka, mkonge unapotoa bua lake refu, watu wa Gavilanes hulikata kabla halijachanua. Bua bichi likichomwa kwenye shimo la mawe ya moto, huwa tamu kama muwa. Watoto hulitafuna, na vipande huuzwa kando ya barabara kuu. Mwaka ule ng'ombe walipokufa, kila nyumba ilikata mabua zaidi ili kufidia. Fidencio peke yake alijaza toroli mara nyingi.

"Tuliyakata yote," Fidencio alisema taratibu.

"Basi wenye njaa walibisha hodi pale penye sukari," Obdulia alisema. "Na mkonge huchanua mara moja tu maishani, kisha unakufa. Ukikata bua, hakuna ua, hakuna mbegu. Popo ndiye anayebeba chavua toka mkonge huu hadi ule. Tukimmaliza popo, mlima utabaki mawe. Mvua itashuka nao wote mpaka jikoni kwako."

Mkutano uliitwa tena. Safari hii Herminia alizungumza mwisho.

"Mimi ni mwoga, mnanijua. Nilitaka tuchome kwa sababu naogopa. Mwanangu akaumwa, akaficha, kwa sababu niliapa kwa ujinga. Nusura nimzike. Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Mtu akiumwa na mnyama yeyote, aseme saa hiyohiyo. Na asiwepo wa kumgombeza wala kumcheka. Mkono mtupu usimguse popo, hata akiwa anazama. Mengine atawaambia doña Obdulia."

Walikubaliana kukata bua moja moja, na kuacha mengi yachanue. Chupa za sukari zikawa zinaingizwa ndani jioni. Na Jumapili iliyofuata Herminia alifunga kitambaa kichwani, akavaa glavu, akabeba sululu, akapanda mlima na binti yake.

Aliogopa njia nzima. Alipopita mbele ya pango alifanya ishara ya msalaba mara nyingi mpaka Nohemí akacheka. Lakini alichimba. Alijifunza kuchimba kishimo chenye umbo la nusu mwezi, kilichofunguka upande wa juu, ili maji ya mvua yanayoteremka yakusanyike humo. Alijifunza kuweka mche ukingoni, usioze kwa maji, na kuupangia mawe pembeni ili mbuzi wasiufikie.

"Hii itachanua lini?" aliuliza.

"Ukishakuwa bibi," Nohemí alisema.

"Kwa hiyo nalima shamba la wajukuu ambao hata baba yao simjui?"

"Mama!"

Nohemí alimaliza sindano zake zote. Miezi ikapita, akawa mzima. Herminia aliacha kumsimamia na kikombe, ingawa alimwangalia kwa jicho la pembeni.

Mwaka uliofuata mabua yalisimama mlimani kama nguzo, yakachanua manjano. Popo walirudi, wakabaki huko juu kwenye maua yao. Ukuta wa Herminia ulikaa na chokaa yake. Hakuna ng'ombe aliyeburura miguu. Wanaojitolea waliongezeka, hata Leobardo akaja Jumapili moja, eti kuwabebea maji tu. Kufika mchana alikuwa anapanga mawe na kuwaelekeza wengine, kwa sauti.

Ghafla sauti yake ikakatika.

Herminia aliinua kichwa. Leobardo alikuwa amepiga goti kwenye mwanya wa mawe, na kicheche mmoja alikuwa anakimbia kuteremka, mkia juu. Leobardo akasimama, akaingiza mkono mfukoni. Akatazama huku na huku kuona nani ameona. Wanaume wawili walikuwa wanamtazama. Akajaribu kucheka, kicheko kikakataa.

 Kisha akauvuka mteremko mbele ya watu wote, mpaka alipokuwa Herminia. Akautoa mkono mfukoni. Damu ilikuwa inatiririka kidoleni.

"Comadre," alisema. "Kicheche kaniuma."

Hakuna aliyecheka. Nohemí alikuwa tayari ameinua dumu la maji, na Obdulia alikuwa anatafuta sabuni kwenye kikapu.

 Midomo ya Leobardo ilikuwa imepauka.

"Naogopa," akasema.

Herminia akaushika ule mkono mkubwa kwa glavu zake, akausogeza chini ya maji.

"Hata mimi, compadre," alisema. "Tukimaliza kuosha, unampa Fidencio funguo."